Ungwana na Kicheko: Kituo cha Redio cha Vichekesho Vitupu na Historia ya Ucheshi Hewani katika Mombasa ya Bara

Tangu ukiritimba wa serikali katika utangazaji ulipolegea katika miaka ya 1990, na hasa baada ya Capital FM kuanza kusikika jijini Nairobi mwaka 1996, redio za Kenya zimegawana wasikilizaji kama wachuuzi wanavyogawana vibanda sokoni. Kuna vituo vya dini, vituo vya muziki wa zamani, vituo vya lugha za mama na vituo vya kandanda na mahaba. Mombasa nayo haikubaki nyuma. Baraka FM ilianza mwaka 2000, na baadaye wasikilizaji wa pwani wakapata Pwani FM ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), Radio Rahma, Radio Salaam, Bahari FM na Radio Kaya. Katika orodha hii hamna hata kimoja kilichojitangaza kuwa ni cha vichekesho na vichekesho tu, kutoka adhana ya alfajiri hadi usiku wa manane. Jambo hili lastaajabisha kidogo, maadam hakuna kituo katika hivyo kisichotegemea mchekeshaji wa asubuhi ili kuwavuta wasikilizaji.

Swali la iwapo kituo cha aina hiyo chaweza kuishi limeachiwa watu wa matangazo ya biashara, nao hulijibu kwa hesabu za fedha. Makala haya yanadai kuwa ni swali la fasihi kwanza, na la biashara baadaye. Ni swali la utanzu: je, futuhi yaweza kusimama peke yake bila kuzungukwa na yasiyo futuhi? Jibu tunalitafuta katika historia ya ucheshi hewani kama ulivyosikiwa, na kwa sehemu ulivyozaliwa, katika Mombasa ya bara, yaani Likoni iliyo kusini mwa kivuko cha feri, Kisauni iliyo kaskazini ng'ambo ya daraja la Nyali, na Changamwe iliyo magharibi ng'ambo ya Makupa. Tumezichagua sehemu hizi makusudi. Masimulizi ya fasihi ya Mombasa hupenda kubaki kisiwani, Mji wa Kale na Kibokoni, ilhali wasikilizaji walio wengi hulala ng'ambo na kuvuka asubuhi kwenda kazini, redio ikiwa masikioni.

Tuanze na hesabu, kwani ndiyo iliyo nyepesi. Kipindi cha vichekesho cha dakika 15 kinachorushwa mara moja kwa juma hutoa, kwa mwaka mzima, dakika 780, nazo ni saa 13. Kikundi kikidumu miaka 30 bila kukosa hata juma moja, kazi yote ya maisha yao itakuwa saa 390. Kituo cha saa 24 kitaimaliza kazi hiyo kwa siku 16 na robo. Mpiga muziki hana tatizo hili, kwa sababu wimbo hupata ladha kwa kurudiwa, na msikilizaji husubiri pale anapopajua. Mzaha hauna bahati hiyo. Sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika kutotazamiwa, na ukirudiwa kesho hubaki ganda. Ndiyo maana kituo cha muziki chaweza kuendeshwa na mtu mmoja na kabati la sahani, ilhali kituo cha vichekesho chahitaji ama jeshi la waandishi ama ghala kubwa la kanda za zamani.

Uzoefu wa nchi nyingine wathibitisha hesabu hiyo. Shirika la BBC lilipoanzisha BBC 7 mnamo Desemba 2002, lilikuwa na ghala la miongo kadhaa la kuchota, zikiwamo kazi za miaka ya 1950 kama The Goon Show. Hata hivyo kituo hicho, ambacho tangu Aprili 2011 kinaitwa BBC Radio 4 Extra, hakikuthubutu kuwa cha kicheko kitupu. Tangu mwanzo kilichanganya vichekesho na michezo ya kuigiza na usomaji wa hadithi. Nchini Kanada, kampuni ya Bell ilijaribu njia ya pili na kugeuza baadhi ya vituo vyake vya masafa ya AM kuwa vya vichekesho mfululizo. Mnamo Juni 2023 ilivizima kabisa vile vya Calgary, Vancouver na Winnipeg. Yamkini masafa ya AM yalikuwa yamekwisha kudhoofika hata kabla ya vichekesho kufika. Lakini inafaa kutambua kuwa vichekesho viliitwa kama mganga wa mwisho, na mganga wa mwisho aghalabu huitwa kwa sababu ni nafuu.

Tukirudi nyumbani, tunakuta kuwa fasihi ya pwani haikupata kuifanya futuhi chumba cha pekee. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, ni mcheshi na mchokozi mkubwa. Hata hivyo, kama mkusanyo wa Hichens (1940) na uchambuzi wa Abdulaziz (1979) unavyoonyesha, ucheshi wake umefungamana na siasa za Mvita dhidi ya wapinzani wake, na mambo ya nyumba na mapenzi, na masikitiko. Beni, iliyochezwa Mombasa kwa vyama vya mashindano mwanzoni mwa karne ya 20, iliiga gwaride na vyeo vya wakoloni kwa namna iliyokuwa nusu heshima na nusu dhihaka, na Ranger (1975) ametuonya tusiikate vipande viwili. Nchini Tanzania utanzu uitwao kwa jina lenyewe vichekesho ulistawi ndani ya maonyesho ya vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre katika miaka ya 1980 na 1990. Humo ngoma, sarakasi, taarab na mchezo wa kuigiza vilipokezana jukwaa, na kichekesho kikaja kati yake kama pumzi. Hata Shakespeare, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata katika tafsiri ya S. S. Mushi ya Makbeth (1968), alimweka bawabu wake mlevi mlangoni mara tu baada ya mauaji ya mfalme. Mtoe bawabu yule, umpe tamthilia nzima ya peke yake, na hakuna atakayesubiri hadi tendo la pili.

Redio ilipofika iliirithi desturi hii. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, kilichosikika kwa Kiswahili cha pwani wakati ambapo Nairobi ilikuwa bado inatafuta Kiswahili chake. Redio zilikuwa chache, na watu walisikiliza kwa makundi, hotelini na barazani. Kuanzia mwaka 1954 masikio hayohayo yaliweza kuinasa Sauti ya Cairo, ambayo matangazo yake ya Kiswahili yaliwakejeli wakoloni bila haya. Inafaa mwanafunzi wa fasihi akumbuke kwamba kejeli ile ilichekesha kwa sababu ilikaa ndani ya taarifa ya siasa, nyuma yake kukiwa na dola. Baadaye, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, kipindi kilichochukua jina lake kutoka methali inayosema pwagu hupata pwaguzi. Jina hilo ni muhtasari wa nadharia nzima ya futuhi: mjanja hukutana na mjanja kumzidi. Nacho kilikuwa kipindi kimoja baina ya habari, salamu, mafunzo ya kilimo na matangazo ya vifo.

Mfano ulio mzito kuliko yote, hata hivyo, umetoka Kisauni.

Freretown, mji waliowekwa watumwa walioachiwa huru, ulianzishwa na wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ndiyo iliyopaachia mahali pale jina la Kengeleni, na abiria wa matatu za Kisauni hulitaja jina hilo kila siku bila kufikiri kengele gani. Kwa ukoo wa Mbotela wa mji huo tulipata Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934, kitabu ambacho kimebishaniwa sana na wahakiki. Kwa ukoo huohuo tulipata Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940, akaingia Sauti ya Kenya katika miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 1966 akatangaza kipindi kiitwacho Je, Huu ni Ungwana? Mbotela alifariki Februari 2025, na kwa zaidi ya nusu karne sauti yake ilikuwa imeuliza swali lilelile.

Utaratibu wa kipindi ulikuwa mwepesi. Mtangazaji husimulia tabia fulani ya mtu asiyetajwa jina: namna anavyokula mbele ya wageni, anavyoingia katika nyumba ya wenyewe, anavyokopa, anavyojipenyeza mahali ambapo wenzake wamepanga foleni. Husimulia bila haraka, kwa sauti ya mtu anayesikitika, na huongeza jambo juu ya jambo hadi msikilizaji amemwona mhusika akiwa amesimama mbele yake. Kisha husita, na huuliza. Ni katika kusita huku ndipo kicheko kinapozuka. Msikilizaji hucheka kwa kuwa amemtambua jirani yake, na sekunde moja baadaye hunyamaza kwa kuwa amejitambua mwenyewe. Bergson (1900) alisema kuwa kicheko ni adhabu ndogo ambayo jamii humpa mtu aliyekakamaa asiyejirekebisha. Sidhani kuna kazi ya sanaa ya Afrika Mashariki inayoithibitisha kauli hiyo kuliko kipindi hiki. Nacho, tuseme wazi, hakikutangazwa kamwe kama kichekesho. Kilikuwa kipindi cha adabu.

Neno ungwana lenyewe halina budi kupimwa. Katika jamii ya Waswahili wa zamani, mwungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wala mzao wa mtumwa, na adabu ilihesabiwa kuwa tunda la uhuru huo wa kuzaliwa. Wakazi wa Freretown walikuwa nje ya mpaka wa neno. Walikuwa Wakristo, asili zao zilikuwa mbali huko Unyasa na kwingineko, na uhuru wao ulikuwa wa kuachiwa. Kwamba mzao wa mji huo ndiye aliyeketi kwa zaidi ya miaka 50 mbele ya kipaza sauti cha taifa akiuliza nani mwungwana na nani si mwungwana ni kinaya ambacho mtunzi wa riwaya asingethubutu kukibuni. Bila kulitangaza jambo hilo, kipindi kilihamisha ungwana kutoka damuni na kuuweka katika mwenendo. Tajiri aliyemkanyaga mwenzake hakuwa mwungwana. Kibarua wa Changamwe aliyempisha mama kwenye ngazi za basi alikuwa mwungwana. Msikilizaji wa kisiwani ambaye babu yake angelikasirika kulisikia neno hilo kinywani mwa mtu wa Kisauni alijikuta akicheka na kukubali. Kama ucheshi una kazi ya kihistoria, basi hii ni mojawapo.

Sasa tuulize: je, kazi hii ingewezekana ndani ya kituo cha vichekesho vitupu? Haingewezekana. Sauti iliyouliza kuhusu ungwana ndiyo iliyotangaza kandanda, na ndiyo iliyolazimishwa na wanajeshi waasi tarehe 1 Agosti 1982 kuutangazia umma kuwa serikali imepinduliwa. Msikilizaji aliijua sauti hiyo katika furaha na katika hofu, na kwa hivyo iliposhuka hadi kwenye mambo madogo ya mtu alambaye sahani, tofauti ya uzito ndiyo iliyochekesha. Sauti ambayo kazi yake ni kuchekesha tu haina mahali pa kushukia. Imekwisha kuwa chini.

Upande wa pili wa shilingi ni lafudhi, na hapa suala letu linatoka katika nadharia na kuingia katika maisha ya watu. Vichekesho vya Kenya vya utangazaji, tangu Vitimbi na Vioja Mahakamani hadi Mwalimu King'ang'i wa Daniel Ndambuki, vimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi za makabila. Ufundi huu una wastadi wake. Kazungu Matano, ambaye jina lake la kuzaliwa ni la Kimijikenda, alipata umaarufu wa kitaifa kwa jina la Captain Otoyo akiigiza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na si rahisi kumpinga mtu anayemwiga jirani kwa masikio makini namna ile. Mpwani naye amewekewa sanduku lake katika ghala hilo: mvivu, mpenda kivuli, maneno mengi na kazi kidogo. Katika kipindi cha nusu saa sanduku hili hufunguliwa, watu hucheka, likafungwa. Lakini tumekwisha kuona katika hesabu yetu kwamba kituo cha saa 24 hakina mali ya kutosha, na asiye na mali ya kutosha hurudi kwenye lile lililo karibu. Lililo karibu ni lafudhi. Hurudiwa asubuhi, mchana na jioni, hadi igeuke kutoka mzaha na kuwa maarifa, yaani jambo ambalo watu hudhani wanalijua kuhusu wenzao.

Likoni si mahali pa kufanyia jaribio hilo kwa wepesi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na mashambulio yaliyofuata yaliwalenga wakazi walioitwa watu wa bara: Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Watu waliuawa, na maelfu wakakimbia makwao. Katika siku zile kutambulika kwa lafudhi hakukuwa jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekwenda kununua mkate. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha mwaka 2008 sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa inayokataza maneno ya chuki ya kikabila, na tangu hapo kila mchekeshaji hewani hutembea akiitazama. Binafsi sioni kuwa sheria ndiyo kipimo bora. Kipimo cha kale cha utani kilikuwa kikali zaidi: mtani humkejeli mtani wake kwa kuwa kesho atamzika. Kejeli iliambatana na wajibu. Mchekeshaji anayeigiza lafudhi ya Changamwe kutoka studio iliyo mamia ya kilomita mbali, bila kuwajibika kwenda matangani kwa mtu yeyote, ana haki ya utani bila deni lake.

Na msiba, kwa hakika, ndio mtihani wa mwisho wa kituo cha aina hii. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa na wafanyakazi waliokuwa wakivuka kwenda kisiwani asubuhi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 250. Wakati huo matangazo yote ya redio yalikuwa mikononi mwa KBC. Tukifikiria asubuhi kama ile ikitokea leo, kituo cha habari kitajua la kusema, kituo cha dini kitasoma dua, kituo cha muziki kitabadili sahani na kupiga zile za huzuni. Kituo cha vichekesho kitaweza kufanya jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Redio ambayo haiwezi kulia pamoja na watu wa Likoni haitakuwa na idhini ya kuwachekesha juma litakalofuata.

Haimaanishi kuwa hakuna kilichobadilika. Baraza la kusikilizia limehama na kuingia katika matatu, ambamo abiria 14 kutoka Bamburi hadi mjini husikiliza kwa pamoja kile alichokichagua dereva, na kicheko cha pamoja ambacho Bergson alikiona kuwa sharti kimepata tena nyumba. Tena vipindi vya simu vimevunja ile hesabu ya saa 390. Katika Patanisho ya Radio Jambo, inayoendeshwa na Gidi na Ghost, hakuna mwandishi wa vichekesho. Kuna mume aliyefukuzwa na mke aliyekasirika, na taifa zima linasikiliza. Mali ya namna hii haiishi, kwa sababu ugomvi wa nyumba hauishi. Lakini tazama ni nini kinachotuchekesha humo: ndoa ya kweli iliyo hatarini, na simu ambayo huenda ikakatwa. Wapo wasikilizaji ambao hucheka mpaka pale mke anaposema hataki tena, ndipo wakashusha sauti ya redio. Kwa sifa hiyo Patanisho ni mjukuu wa Je, Huu ni Ungwana? ingawa hauna staha ya babu yake, kwani Mbotela aliwaficha watu wake majina, na hawa hutajwa mchana kweupe.

Atakayetaka kuanzisha kituo cha vichekesho pwani, basi, ningemshauri asianze kwa kuwatafuta wachekeshaji. Aanze kwa kumtafuta msomaji mzuri wa habari, mtu ambaye Kisauni na Likoni zitamwamini akisema feri imesimama, au bei ya unga imepanda, au fulani amefariki na maziko ni baada ya alasiri. Mtu huyo apewe dakika tano baada ya taarifa ya saa moja, aseme alilolishuhudia kivukoni.